Uanze na familia ipi ya vipepeo ukiwa Dodoma?

Duniani kuna spishi za vipepeo kati ya 18,000 na 19,000, na Tanzania peke yake ina zaidi ya elfu moja. Anayetaka kuwajua wote kwa mpigo huishia kuwaita wote "kipepeo", kama alivyokuwa akiwaita kabla hajaanza. Kinachowezekana ni kuchagua familia moja, kuizoea mpaka uitambue kwa mbali, halafu ndipo usogee kwa jirani yake. Shida ni kwamba ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi au wa misitu yenye unyevu. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita mia tano na ushee hadi mia sita kwa mwaka, kisha ni upepo na vumbi. Familia inayomfaa mtu wa Amani kule Usambara si lazima imfae mtu wa Iyumbu au Bahi.

Mimi kigezo changu cha kwanza ni mimea. Kipepeo aliyekomaa hana makuu, kwa kawaida hunywa mbochi kwenye ua lolote linalomruhusu, lakini kiwavi wake ni mchaguzi kupindukia: wengi hula jamii moja tu ya mimea, na mama asipouona mmea huo hatagi. Kwa hiyo kabla hujauliza kipepeo gani ni mzuri, uliza ni mmea gani unao karibu.

Ramani yenyewe ni fupi. Vipepeo na nondo wako katika oda moja (ngazi iliyo juu ya familia), Lepidoptera, yenye spishi kama 160,000, na vipepeo ni tawi dogo tu la oda hiyo. Ule unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo ni magamba ya mabawa yake, na ndiyo alama ya oda nzima. Tawi la vipepeo lina familia saba. Hedylidae haitoki bara la Amerika, na Riodinidae ina spishi chache tu Afrika, nazo ni za misituni. Ziondoe hizo mbili, ubaki na tano ambazo mtu wa Tanzania ya kati anaweza kuzichagua: Pieridae, Nymphalidae, Papilionidae, Lycaenidae na Hesperiidae. Ushindani wa kweli uko kati ya mbili za kwanza, na hizo ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Pieridae: weupe na manjano

Hawa ndio unaowaona bila kuwatafuta. Mvua zikishakolea, weupe wenye mishipa myeusi wanaopita kwa makundi, wote wakielekea upande mmoja kana kwamba wameitwa, mara nyingi ni Belenois aurota. Yule mkubwa wa kijani kilichopauka, arukaye kwa kasi na haonekani kutua, ni Catopsilia florella. Jike lake laweza kuwa la manjano au jeupe. Kile kidogo cha manjano chenye ukingo mweusi, kinachopepea usawa wa magoti kwenye nyasi, ni Eurema. Familia nzima ina spishi kama 1,150 duniani, si nyingi, na ukishawajua wa Dodoma umeshika sehemu ya maana.

Sababu ya kuwa wengi hapa iko kwenye vichaka. Nyika yetu ina mimea mingi ya jamii ya Capparaceae: Boscia, Maerua, Cadaba, Capparis. Vingi kati ya vichaka hivyo hubaki kijani hata migunga na mibuyu ikiwa imepukutisha majani yote. Mgagani tunaoula ni ndugu yao wa karibu, na zamani wataalamu waliuweka katika familia hiyo hiyo. Ule ukali unaoupata kwenye mgagani, haradali au kabichi mbichi unatokana na kemikali ambazo mmea hujilinda nazo dhidi ya wadudu. Viwavi wengi wa Pieridae wana protini tumboni inayoigeuza kinga hiyo isiwadhuru. Mahali ambapo kiwavi mwingine angekufa, wao wanakula bila kugombaniwa.

Kisha kuna Colotis, na hapa nakiri nina upendeleo. Ni jenasi, yaani kundi la spishi ndugu ndani ya familia, ya nchi kavu, imesambaa savana na nusu jangwa za Afrika mpaka Arabuni na India, na sisi wa kanda ya kati tunayo kwa wingi ambao mtu wa pwani angeutamani. Bawa jeupe, ncha yake imechovywa rangi: ya chungwa, nyekundu au zambarau inayowaka jua likiipiga kwa upande. Wanaruka chini chini kuzunguka kichaka kimoja, wanaondoka, wanarudi.

Ila ukichagua Pieridae jiandae kwa kero moja. Kuijua familia ni rahisi: miguu yote sita imekamilika, na kucha za miguuni zimegawanyika mara mbili, jambo utakaloliona kwa lenzi. Kuijua jenasi ni wastani. Kuijua spishi ya Colotis kunaweza kukutoa jasho, kwa sababu spishi moja hiyo hiyo ina sura ya masika na sura ya kiangazi, dume na jike hawafanani, na majirani wanafanana. Wa masika ana alama nyeusi nzito. Wa kiangazi alama zimefifia na upande wa chini wa bawa umegeuka rangi ya mchanga au majani makavu. Hata wataalamu wanaendelea kuipanga upya: uchunguzi wa DNA umewatoa baadhi yao kwenye Colotis na kuwaweka katika jenasi ya Teracolus. Ushauri wangu ni kuandika "Colotis" peke yake bila aibu. Programu kama iNaturalist itakupendekezea jina la spishi kwa kujiamini sana, nawe usilipokee kama hujapiga picha pande zote mbili za bawa.

Nymphalidae: wa miguu minne

Familia kubwa kuliko zote, spishi kama 6,000, na ndani yake kuna vipepeo wasiofanana hata kidogo. Kuna Junonia hierta wa manjano mwenye doa la buluu kila upande, atuaye njiani na kufungua mabawa yote kama anayeota jua. Kuna Acraea wekundu wa mabawa yanayopitisha mwanga, wanaoruka polepole kwa sababu miili yao ina sumu ya sianidi na ndege wanalijua hilo. Kuna Charaxes wanene wenye nguvu, ambao hawajali maua kabisa. Wao ni wa matunda yaliyochacha, utomvu wa miti na kinyesi. Halafu kuna wale wa kahawia wa kwenye nyasi, Bicyclus na Ypthima, ambao watu wengi wanadhani ni nondo.

Kinachowaunganisha wote hao ni miguu. Miguu miwili ya mbele imefupika, imekunjwa kifuani kama brashi ndogo, na kipepeo anasimama kwa minne. Mtoto mmoja wa darasa la sita alimkodolea macho Junonia aliyetua ukutani akaniuliza, "Mwalimu, huyu wamemkata miguu?" Nikamwambia achungulie kifuani. Sifa hiyo unaionyesha kwa macho matupu, bila darubini wala kitabu, na mtoto hataisahau. Pupa, ile hatua ya kati ya kiwavi na kipepeo, nayo inasaidia: ya Nymphalidae inaning'inia kichwa chini, imeshikwa mkiani tu, wakati ile ya Pieridae au Papilionidae imefungwa kiunoni kwa uzi wa hariri kama fundi wa nguzo za umeme na mkanda wake.

Familia hii ndiyo inayofundisha uainishaji wenyewe, maana ndiyo inayokuadhibu ukitumia rangi peke yake. Mfano mzuri tunao majumbani. Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, hula akiwa kiwavi mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na kutoka humo anahifadhi sumu inayoathiri moyo. Ndege wanamwepuka. Sasa kuna mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake limemuiga karibu kila kitu huku dume lake likiwa jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau. Ukiwapanga mezani hao watatu, yaani Danaus, jike la Hypolimnas na dume la Hypolimnas, kila mtu atawaunganisha wawili wasio ndugu wa karibu na kumtenga mume wa mmoja wao. Angalia bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, mwigaji ana moja tu karibu na ukingo wa juu. Kana kwamba hiyo haitoshi, Danaus wa Afrika Mashariki ana rangi zaidi ya moja, na aina iitwayo dorippus haina kabisa ile ncha nyeusi yenye madoa meupe.

Misimu nayo inacheza hapa kwa nguvu kuliko kwenye Pieridae. Precis octavia wa savana za mashariki na kusini mwa Afrika huwa mwekundu wa chungwa kipindi cha mvua na buluu iliyokolea kiangazi, tofauti kubwa kiasi kwamba asiyejua angeapa ni spishi mbili. Bicyclus anynana wa masika ana madoa makubwa mithili ya macho ukingoni mwa bawa. Wa kiangazi madoa yamefifia akawa kama jani kavu, kwa kuwa nyasi zikishakauka usalama wake ni kujificha. Spishi hii imekuwa maarufu katika maabara za Ulaya kwa uchunguzi wa jinsi joto analolipata kiwavi linavyobadilisha mabawa ya baadaye, na vizazi vya kwanza vilichukuliwa Malawi, jirani yetu.

Kero ya Nymphalidae ni majina. Ukikuta kitabu cha zamani au vielelezo vya kale, utaona Danaidae, Satyridae na Acraeidae zimeandikwa kama familia zinazojitegemea. Leo zote ziko ndani ya Nymphalidae, zimeshushwa kuwa familia ndogo au hata chini ya hapo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana juu ya kipepeo mmoja na wote wakawa na kitabu mkononi. Angalia mwaka wa kitabu kwanza.

Kati ya hizi mbili nachaguaje? Kwa mtu mmoja mwenye simu na asubuhi za Jumamosi, anayetaka kuona wengi na kuandika idadi, Pieridae. Kwa mwalimu mwenye klabu ya wanafunzi, Nymphalidae, hata kama idadi ya kila spishi itakuwa ndogo. Wanafunzi wanataka maajabu na ubishi, na familia hii inavyo vyote. Klabu inaweza pia kuweka mtego wa ndizi zilizochacha, ziloweshwe na pombe ya kienyeji kidogo, chini ya mti wenye kivuli. Charaxes akishazama kwenye ndizi anakuwa mpole kiasi cha kumkaribia na simu bila kumshtua.

Papilionidae: kama una mti wa ndimu uani

Vitabu vya watoto na matangazo ya utalii huanza na hawa, wakubwa wenye rangi, wengine na mikia. Familia ina spishi zisizofika 600 duniani, na kwa Tanzania wengi wazuri wake ni wa misitu ya mashariki. Huko Usambara, mradi wa vipepeo wa Amani uliwafanya wanakijiji wafuge na kuuza pupa nje ya nchi, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Dodoma hatuna utajiri huo. Ukichagua Papilionidae hapa, utakuwa na spishi chache mno, na miezi mingine utakuwa na moja.

Lakini hiyo moja inatosha kwa jambo moja: kufuatilia maisha yote ya kipepeo nyumbani. Papilio demodocus hutaga kwenye majani machanga ya ndimu, limau na chungwa. Kiwavi mdogo ana rangi ya kahawia na nyeupe, amejikunja juu ya jani kama kinyesi cha ndege, na ndivyo anavyotaka umwone. Akikua anakuwa wa kijani, mnene. Mguse mgongoni taratibu kwa bua la nyasi: nyuma ya kichwa chake inachomoza pembe laini mbili za rangi ya chungwa, zimeungana chini kama manati, na papo hapo inakujia harufu kali kama ya machungwa yaliyooza. Sisimizi hawaipendi. Baada ya sekunde chache pembe zinarudi ndani, na kiwavi anaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Hakuna familia nyingine ya vipepeo yenye kiungo hicho.

Mwenye bustani ya miche ya ndimu hatashangilia, maana viwavi kadhaa wanaweza kuuvua majani mche mdogo. Mti mkubwa hauna neno.

Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mfumo wa majina ya kisayansi ya wanyama, alipochapisha toleo la kumi la kitabu cha mfumo huo mwaka 1758, vipepeo wote aliowajua aliwatia katika jenasi moja, Papilio. Leo jina hilo limebaki kwa spishi kama 200 tu. Na DNA inasema hawa Papilionidae ndio walioachana na wengine mapema zaidi: familia nyingine zote sita ziko karibu zaidi baina yao kuliko yeyote kati yao alivyo karibu na Papilio. Kipepeo wa mabango ndiye ndugu wa mbali.

Lycaenidae: wadogo wa buluu

Spishi zaidi ya 5,000, wengi wao wadogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukiwa na kamera yenye lenzi ya karibu, au simu nzuri na magoti yasiyolalamika, hii ndiyo familia yenye siri nyingi zaidi kwenye shamba la kawaida. Nenda kwenye mbaazi au kunde zikiwa kwenye maua. Lampides boeticus atakuwepo: buluu ya zambarau kwa juu, kahawia yenye mistari ya mawimbi kwa chini, na mkia mwembamba kila upande ukiwa na doa jeusi kama jicho. Akitua anasugua mabawa ya nyuma juu na chini, na mikia inachezacheza kama vipapasio. Ndege au mjusi anashambulia "kichwa" hicho cha bandia, anapata kipande cha bawa, kipepeo anaondoka na kichwa halisi. Wengi utakaowapiga picha watakuwa wamemegwa hapo nyuma.

Kiwavi wa Lampides hukaa ndani ya ganda la mbaazi, kwa hiyo mkulima anamhesabu kama mdudu mharibifu, na ana haki. Ndugu zake wengi huishi na sisimizi: kiwavi anatoa tone la utamu mgongoni, sisimizi wanalilamba na kumlinda. Kwenye maua ya migunga utakuta Azanus, na kwenye udongo wenye unyevu karibu na bomba au pale ng'ombe waliponywea, madume hujikusanya kufyonza chumvi.

Sishauri kuanza na hawa. Bila picha safi ya upande wa chini wa bawa hutambui kitu, na upepo wetu wa alasiri unaitikisa kila nyasi waliyotua. Waweke mwaka wa pili, isipokuwa kama wewe ni mkulima wa mikunde. Kwako wako tayari shambani, na faida ya kuwajua ni ya moja kwa moja.

Hesperiidae: warukaji

Wanene, wa kahawia, kichwa kipana, vipapasio vimekaa mbalimbali na ncha zake zimepinda kama ndoano. Wanaruka kwa mishtuko, huwezi kuwafuata kwa macho. Kwa muda mrefu waliwekwa kando katika kundi lao peke yao, nusu nondo nusu kipepeo, mpaka DNA ilipowarudisha ndani ya vipepeo. Utafiti uliotoka mwaka 2023, uliopima spishi karibu 2,300, ulionyesha kwamba vipepeo wote walitokana na nondo kama miaka milioni 100 iliyopita huko Amerika, na kwamba viwavi wao wa mwanzo huenda walikula mimea ya jamii ya mikunde. Mrukaji wa kahawia na Papilio mwenye mkia wametoka mlango mmoja.

Wa majaruba ya mpunga Bahi wanaweza kuwapata bila shida, kwani viwavi wa jenasi kama Borbo hula mpunga na nyasi za jamii yake, wakiwa wamelikunja jani na kulishona kwa hariri. Kwa wengine wote, waache kwanza.

Kuanza mwezi gani

Januari hadi Aprili chagua yoyote kati ya Pieridae na Nymphalidae, hutakosa. Toka saa tatu asubuhi, jua likishawapasha mabawa lakini upepo haujaamka. Pembezoni mwa bwawa la Hombolo, kwenye vichaka vya miteremko ya milima ya mjini, au njia za ndani za chuo kikuu kunatosha. Si lazima ufike Mpwapwa au Kondoa, ingawa huko vilimani utapata zaidi. Andika mmea aliotagia kuliko ua alilotua. Na ukienda ndani ya mapori ya akiba kama Swagaswaga au Mkungunero, usikusanye chochote bila kibali, hata kipepeo aliyekufa.

Ukiamua kuanza Agosti, uchaguzi unabadilika. Maua yameisha, Pieridae wamepungua mpaka kwenye vile vichaka vya kijani, na waliobaki wamevaa sura ya kiangazi inayokuchanganya. Hapo anza na mtego wa ndizi na Nymphalidae wa kivulini, na ule mti wa ndimu unaomwagiliwa maji ya kufulia, kwa sababu majani machanga yakichipua tu, Papilio atalijua kabla yako.